Mwana aliyemzidi baba yake umri: njia nne za kuisoma migongano ya Maandiko

Chukua kalamu na karatasi. Mfalme Yehoramu wa Yuda alianza kutawala akiwa na umri wa miaka 32, akatawala miaka 8, akafa. Yamo katika 2 Mambo ya Nyakati 21:20. Basi alikufa na miaka 40. Sasa nenda sura ya 22, mstari wa pili. Kwa Kiebrania, mwanawe Ahazia, aliyekalia kiti palepale baada yake, alianza kutawala akiwa na miaka 42. Mwana kamzidi baba miaka miwili. Na wala hakuwa kifungua mimba: mstari wa kwanza wa sura hiyohiyo unasema alikuwa mdogo wao, kaka zake wote wakubwa walikwisha kuuawa. Ukienda 2 Wafalme 8:26 unamkuta Ahazia huyohuyo amepewa miaka 22, na mambo yanakaa sawa.

Nimeanza na hesabu kwa makusudi. Hesabu haina vichaka vya kujificha. Tarakimu mbili zimegongana, na msomaji anayekipenda kitabu chake anabaki ameshika kalamu.

Hapo ndipo watu huachana njia. Nitaziweka njia nne ubavu kwa ubavu, nizijaribu kwa mistari ileile, na kila moja niitaje bei yake, maana hakuna iliyo ya bure. Ila nitangulize msimamo wangu ili usije ukasema nimekuficha: mgongano hauangushi kitabu. Unaangusha dai fulani juu ya kitabu. Kwa hiyo kabla hujauliza kama Maandiko yamejipinga, ujiulize wewe ulikuwa umeyabebesha dai gani.

Njia ya kwanza: hakuna kosa

Msomaji huyu anasema Mungu hasemi uongo, Maandiko ni neno lake, basi panapoonekana kosa tatizo liko kwetu. Wengi humchora kama mtu aliyevaa miwani ya mbao, lakini wakubwa wa njia hii walikuwa makini kuliko wanaowacheka. Askofu Augustino wa Hippo, mwanzoni mwa karne ya 5, alimwandikia Yeronimu, mfasiri wa Biblia, kwamba akikuta katika Maandiko jambo linaloonekana kupinga ukweli, anabaki na mambo matatu tu: nakala ina kosa, au mfasiri hakuelewa, au yeye mwenyewe Augustino hajafahamu. Azimio la Chicago la mwaka 1978, linalotumiwa na Waprotestanti wengi wa kiinjilisti, linasema wazi kwamba kutokuwa na kosa ni kwa maandishi ya awali, yale yaliyotoka mikononi mwa waandishi wenyewe. Nakala zilizofuata haziko ndani ya dai hilo.

Kwa Ahazia, njia hii inashinda bila jasho. Baadhi ya hati za Kigiriki na tafsiri ya kale ya Kisiria zinampa miaka 22 hata katika Mambo ya Nyakati. Mnakili aliteleza, basi. Si mara moja: Yehoyakini ana miaka 18 katika 2 Wafalme 24:8, lakini Kiebrania cha 2 Mambo ya Nyakati 36:9 kinampa 8. Sulemani ana mabanda 40,000 ya farasi mahali pamoja na 4,000 mahali pengine. Hata Goliathi amenyooshwa. Kiebrania cha kawaida kinampa dhiraa sita na shubiri, karibu mita tatu; hati ya Samweli iliyopatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, pamoja na Kigiriki cha kale, vinampa dhiraa nne na shubiri, yaani mtu wa takriban mita mbili. Bado ni pande la mtu, ila si jini.

Anayetupa Biblia nzima kwa sababu ya umri wa Ahazia anatupa jongoo na mti wake. Hapo sina ubishi.

Bei inaanza pale ambapo mnakili hawezi kulaumiwa. Tazama kifo cha Yuda. Mathayo 27 anasema Yuda alizirudisha fedha, akatoka, akajinyonga; makuhani wakazitumia kununulia konde la mfinyanzi, likaitwa konde la damu kwa sababu fedha zenyewe zilikuwa za damu. Matendo 1:18 inasema Yuda mwenyewe alinunua konde kwa ijara ya udhalimu, akaanguka, akapasuka, matumbo yakamtoka. Konde likaitwa la damu kwa ajili ya hayo yaliyompata. Watu hukazana na namna ya kifo, wakasahau kwamba tofauti ziko tatu: alikufaje, nani alinunua shamba, na jina la shamba limetoka wapi.

Jibu la kawaida unalijua: alijinyonga, kamba ikakatika, akaanguka akapasuka. Makuhani walinunua kwa niaba yake, kwa kuwa fedha zilikuwa zake. Jina lilikuwa na sababu mbili. Je, yanawezekana yote hayo? Yanawezekana. Lakini angalia kilichotokea. Tumetunga habari ya tatu, ambayo Mathayo hakuisimulia na Luka, mwandishi wa Matendo, hakuisimulia, tukaiita hiyo ndiyo kweli, kisha tukawageuza Mathayo na Luka kuwa mashahidi waliosema nusunusu. Hii ndiyo bei ya njia ya kwanza. Ili kuulinda mstari unalazimika kuandika mstari usiokuwepo. Ukifanya hivyo mara moja ni tafsiri. Ukifanya mara hamsini ni funika kombe mwanaharamu apite.

Sisemi kupatanisha ni hila siku zote. Daudi alinunua uwanja wa kupuria kwa shekeli 50 za fedha katika 2 Samweli 24:24, na katika 1 Mambo ya Nyakati 21:25 alitoa shekeli 600 za dhahabu. Samweli anataja uwanja na ng'ombe. Mambo ya Nyakati inataja mahali pale. Anayesema bei ya kwanza ni ya uwanja na wanyama, na ya pili ni ya eneo zima lililokuja kujengwa hekalu, hajalazimisha neno lolote. Kipimo changu ni hicho: je, maelezo yako yametoka kwenye maneno yaliyoandikwa, au yametoka kwenye hamu yako?

Njia ya pili: tazama shabaha

Huyu wa pili anasema Maandiko hayakuja kutufundisha umri wa wafalme. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya ufunuo, ulisema vitabu vya Maandiko vinafundisha bila kosa ukweli ule ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Maneno ya mwisho ndiyo yaliyobeba mzigo. Hata 2 Timotheo 3:16, mstari unaotupwa mezani kila mjadala huu unapoanza, unaposema kila andiko lina pumzi ya Mungu, unaendelea kusema lafaa kwa nini: kufundisha, kuonya, kuongoza, kuadibisha. Hautaji takwimu.

Na waandishi wenyewe mara nyingine huwa wanyenyekevu kuliko watetezi wao. Luka anaanza kwa kusema amejitafutia habari kwa usahihi tangu mwanzo, yaani alifanya kazi ya uchunguzi. Mwandishi wa 2 Wamakabayo anamaliza kwa kuomba radhi kama hakuandika vizuri. Lakini ninayempenda ni Paulo katika 1 Wakorintho 1. Anashukuru kwamba hakumbatiza mtu yeyote kwao ila Krispo na Gayo. Sentensi inapita. Halafu anakumbuka: ah, tena niliwabatiza watu wa nyumba ya Stefana. Kisha anakiri kwamba zaidi ya hao, hajui kama alimbatiza mtu mwingine. Kosa limefanyika, limesahihishwa, na shaka imebaki, vyote ndani ya mistari mitatu ya Maandiko Matakatifu. Hakuna aliyeona haja ya kuufuta mstari wa kwanza. Ukisema kila sentensi ya Biblia imetoka kama hati iliyopigwa muhuri mbinguni, Paulo ndiye wa kwanza kukuangusha.

Njia hii hung'aa zaidi pale tofauti inapokuwa ya makusudi. Kwa Marko, karamu ya mwisho ni chakula cha Pasaka chenyewe (14:12). Kwa Yohana, Yesu anahukumiwa siku ya maandalio ya Pasaka (19:14), na waliomshitaki hawakutaka kuingia ndani ya Praitorio, makao ya liwali wa Kirumi, wasije wakanajisika wakashindwa kuila Pasaka (18:28). Kati ya injili hizo mbili kuna tofauti ya siku moja nzima. Watu wamejaribu kalenda mbili, wamejaribu mambo mengi. Lakini msome Yohana mpaka 19:36, anaposema hapana mfupa wake uliovunjwa. Ni sheria ya mwanakondoo wa Pasaka, Kutoka 12:46. Yohana anataka umwone Yesu akifa kama mwanakondoo, na tangu sura ya kwanza amemwita Mwanakondoo wa Mungu. Siku yenyewe imekuwa sehemu ya mahubiri. Origene, katika karne ya 3, alilisema hili bila kupepesa macho katika ufafanuzi wake wa Yohana: kuna mahali ambapo wainjilisti walihifadhi ukweli wa kiroho ndani ya kile ambacho, kwa jicho la mwili, mtu angekiita uongo. Karne ya 3 hiyo, si mhadhiri wa juzi.

Bei yake ni mpaka. Nani anachora mstari kati ya kilicho cha wokovu na kisicho cha wokovu? Nimewaona watu wanaouchora upya kila wanapobanwa: jana gharika ilikuwa ndani, leo iko nje, kesho itatoka nini? Dai ambalo haliwezi kukosea kwa sababu kila kosa limeshatolewa nje ya mlango halikuambii kitu tena.

Njia ya tatu: acha yasimame

Hii ndiyo inayonivuta mimi, kwa hiyo nisome kwa tahadhari.

Mungu ndiye aliyemchochea Daudi kuwahesabu watu, au Shetani? 2 Samweli 24:1 inasema hasira ya BWANA iliwaka, akamtia Daudi nia juu yao. 1 Mambo ya Nyakati 21:1, tukio lilelile, inasema Shetani alisimama akamshawishi. Hapa huwezi kumsingizia mnakili. Wa kwanza atasema Mungu alimruhusu Shetani kama kwenye kitabu cha Ayubu, na si jibu baya. Lakini mwandishi wa Mambo ya Nyakati aliandika baadaye, baada ya uhamisho wa Babeli, na kitabu cha Samweli alikuwa nacho. Sura nzima nzima amezifuata karibu neno kwa neno. Alifika kwenye mstari ule, akaona haandiki hivyo, akabadili. Msomaji wa kwanza kukwazwa na Samweli yumo ndani ya Biblia.

Kilichofuata ndicho cha kustaajabisha. Waliokusanya vitabu wakaviweka vyote viwili. Wangeweza kuondoa kimoja. Walijua kuhesabu, walijua kusoma.

Wakristo walipewa nafasi ya kuondoa tatizo hili mapema kabisa. Yapata mwaka 170, Tasiano alizishona injili nne kuwa simulizi moja isiyo na pengo, na makanisa ya Kisiria yakaisoma kwa vizazi. Katika karne ya 5 Theodoreto, askofu wa Kiro, alikuta nakala zaidi ya 200 zikitumika kwenye makanisa yake. Akaziondoa zote, akaweka nne zilizotengana. Kabla ya Tasiano, Marcion, mwalimu ambaye Kanisa lilimwita mzushi, alitaka injili moja tu, ya Luka, tena aliyoipunguza. Wote wawili walikuwa na dawa ya mgongano. Kanisa likaikataa dawa likabaki na ugonjwa, kama ni ugonjwa.

Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inakwenda mbali zaidi. Shule ya Shamai na shule ya Hileli zilibishana miaka mitatu, kila moja ikisema sheria ni kama sisi tusemavyo. Sauti ikatoka mbinguni: hawa na hawa, yote ni maneno ya Mungu aliye hai. Watu huishia hapo, wakatabasamu. Sentensi haijaisha. Inaendelea: na sheria ni kama wasemavyo wa shule ya Hileli. Kwa maana siku ya kutenda huwezi kutenda vyote viwili.

Hiyo ndiyo bei ya njia ya tatu, na Talmudi imeitaja yenyewe. Katika kusoma, sauti mbili zinaweza kukaa. Katika kutenda, lazima moja ishike. Kutoka 12:9 inakataza kumla mwanakondoo wa Pasaka akiwa ametokoswa majini, lazima aokwe motoni. Kumbukumbu la Torati 16:7 kwa Kiebrania inatumia kitenzi kilekile cha kutokosa, ikikiamuru. 2 Mambo ya Nyakati 35:13 imeviunga: walitokosa Pasaka "kwa moto". Ukimsoma mwandishi huyo kwa Kiebrania unaona jasho la mtu aliyekuwa na amri mbili na mwanakondoo mmoja.

Njia ya nne: kosa moja latosha

Hoja yake ni fupi, nami nitaisema kwa ufupi. Kama mwandishi ni Mungu, kosa moja ni nyingi. Kosa lipo. Basi mwandishi si Mungu.

Kimantiki imenyooka. Na ina heshima fulani: huyu wa nne analichukulia dai kwa uzito kuliko waumini wengi. Tatizo ni kwamba inafanya kazi dhidi ya msomaji wa kwanza peke yake, tena dhidi ya yule asiyejali tofauti ya nakala na asili. Kwa wa pili na wa tatu haigusi kitu, kwa kuwa hawakudai hivyo. Pia huwa inateleza kutoka "kitabu kina kosa" hadi "tukio halikutokea", na hizo ni safari mbili. Mathayo na Luka wanatofautiana juu ya kifo cha Yuda. Papia wa Hierapoli, mapema karne ya 2, ana toleo la tatu ambamo Yuda anavimba mwili kupita kiasi. Tofauti zote hizo hazithibitishi kwamba hakuwepo Yuda. Zinaonyesha habari ya kifo kibaya iliyosimuliwa na vinywa vingi.

Niwakumbushe na watetezi, wasije wakashangilia mapema. Kuna msemo kwamba tofauti za injili zinathibitisha mashahidi wanne waliojitegemea. Usiutumie kila mahali. Katika Marko 13:14 kuna maneno yaliyochomekwa katikati ya hotuba ya Yesu: asomaye na afahamu. Mathayo 24:15 ana maneno hayohayo, palepale. Msikilizaji wa hotuba hasomi. Ni maneno ya mwandishi kwa msomaji, na mwandishi wa pili ameyachukua kutoka karatasi ya wa kwanza, au wote wawili kutoka karatasi moja. Walionakiliana si mashahidi waliojitegemea.

Qur'ani ina mizani yake

Wengi hukosea kwa kuihamishia Qur'ani mjadala wa Biblia kama ulivyo. Dai ni tofauti. Biblia ni maktaba ya waandishi wengi kwa karne nyingi. Qur'ani inajitambulisha kuwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyoteremshwa kwa muda wa takriban miaka 23, na inatoa mtihani wake yenyewe: Sura An-Nisaa 4:82 inasema lau ingetoka kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu wangekuta ndani yake khitilafu nyingi. Kwa hiyo Mwislamu hana nafasi ya kusema, kama yule msomaji wa pili, kwamba Mungu alilenga jambo kubwa na vidogo vikamponyoka mwandishi. Mlango huo umefungwa tangu mwanzo.

Lakini usidhani maswali hayakuulizwa. Katika Sahihi ya Bukhari, mkusanyo mashuhuri wa hadithi, Said bin Jubayr anasimulia kwamba mtu alimwendea Ibn Abbas, sahaba na binamu wa Mtume, akamwambia waziwazi: ninakuta katika Qur'ani mambo yanayonigongana. Akayataja. Sura ya 23:101 inasema siku hiyo hawataulizana. 37:27 inasema wataelekeana wakiulizana. Sura ya 79 inataja mbingu kwanza, kisha ardhi kutandazwa. Sura ya 41 inaanza na ardhi. Ibn Abbas hakumfukuza. Alijibu moja baada ya moja: kutoulizana ni wakati wa mpulizo wa kwanza wa baragumu ya Kiyama, kuulizana ni baada ya wa mwisho, ardhi iliumbwa, kisha mbingu zikasawazishwa, kisha ardhi ikatandazwa. Ukubaliane naye au usikubaliane, hiyo ni njia ya kwanza iliyo safi: anatenganisha nyakati, anashika maana ya kila kitenzi.

Kuna na chombo kingine, naskh, aya kufutwa hukumu yake na aya nyingine, ambacho wanazuoni wanakitegemeza kwa 2:106. Eda ya mjane ni mwaka mzima katika 2:240, na miezi minne na siku kumi katika 2:234. Wengi wanasema ya pili imeifuta ya kwanza. Idadi ya aya hizo imekuwa ikipungua kadiri wasomaji walivyokaza macho: Suyuti, aliyefariki 1505, alibakisha kama 20 hivi, Shah Waliullah wa Delhi, aliyefariki 1762, akabakisha tano. Hapo nakuachia jambo la kutafuna: idadi ya migongano haiko kwenye kitabu peke yake, iko pia kwenye subira ya msomaji.

Kisha kuna Ibn Zubayr. Alimuuliza Uthman, aliyesimamia uandishi wa msahafu: aya hii ya mwaka mzima imefutwa na nyingine, kwa nini unaiandika? Uthman akamjibu: mwana wa ndugu yangu, sibadilishi kitu mahali pake. Kwa kauli hiyo Uthman, mtu wa njia ya kwanza, alitenda kama wa njia ya tatu.

Bei? Mizani ikiwa kali hivyo, kila jibu dhaifu linauma. Na kumbuka kwamba kutogongana ni sharti la ukweli, peke yake hakuufanyi ukweli. Jedwali la kuzidisha halijipingi, na hakuna aliyelisujudia.

Mahali pagumu kuliko pote

Mpaka sasa nimecheza na farasi na mashamba. Kaburi tupu je? Mathayo ana malaika mmoja, Marko kijana mmoja, Luka watu wawili, Yohana malaika wawili. Hilo ni jepesi. Panapokuwa na wawili mmoja yupo. Zito ni hili: katika Marko 16:7 wanafunzi wanaambiwa watamwona Galilaya, na Mathayo anawapeleka huko, katika Luka 24:49 wanaambiwa wakae mjini mpaka wavikwe uwezo, na kila kitu kinatokea Yerusalemu na kandokando yake. Tena Marko, katika hati za kale kama Sinaiticus na Vaticanus, anaishia 16:8: wanawake walikimbia, wala hawakumwambia mtu neno. Mathayo anasema walipiga mbio kuwapasha habari.

Wa kwanza atapanga ratiba, kwanza Yerusalemu, kisha Galilaya, kisha Yerusalemu tena, na inapangika kwa shida kidogo. Wa nne atasema hapa ndipo mlipojifunga. Wa tatu atasema soma kila mwinjili mpaka mwisho wake: Marko anakuacha na hofu, Luka anakuweka hekaluni ukisifu. Ila wa pili ndiye ninayetaka kumwona hapa, maana kila siku amesema tofauti za pembeni si hoja, na hapa hakuna pembeni. Kwa hesabu yake mwenyewe, hii ndiyo wokovu. Anachobaki nacho ni kile kilicho kwa wote wanne: siku ya kwanza ya juma, kaburi limefunguka, Mariamu Magdalene yupo. Na anacho 1 Wakorintho 15, orodha iliyoandikwa kabla ya injili zote, yenye Kefa, yaani Petro, na watu zaidi ya mia tano, isiyotaja mwanamke hata mmoja.

Ni msingi mwembamba au mpana? Hapo mgongano hauwezi tena kukuamulia. Unapima ushahidi kama ushahidi mwingine wowote wa kale, na mtu mwaminifu anaweza kufika pande zote mbili.

Mimi ningechagua hivi

Kwa tarakimu, majina na umri, nenda na wa kwanza na hati zake za kale. Ana zana nzuri kuliko wote. Akianza kukutungia kamba zinazokatika, muage. Kwa siku ya Pasaka na mambo yanayonukia mahubiri, mfuate wa pili, ila mwambie achore mpaka wake leo, kabla hujamwonyesha mstari unaofuata. Kwa Daudi na sensa yake, wa tatu. Na kama uliambiwa utotoni kwamba herufi moja ikikosewa vyote vimeanguka, basi wa nne anakudai jibu, nawe unadaiwa kihalali; usimkasirikie, mkasirikie aliyekupa dai hilo.

Kitabu cha Ezekieli kilikaribia kufichwa, yaani kuondolewa katika usomaji, kwa sababu hii hii. Torati katika Hesabu 28:11 inataka ng'ombe wawili kwa mwezi mwandamo. Ezekieli 46:6 anataka mmoja. Talmudi inasema mwalimu mmoja, Hanania mwana wa Hezekia, alipelekewa mapipa 300 ya mafuta ya taa yake, akapanda orofani, akakaa humo mpaka akapatanisha Ezekieli na Torati. Jibu la ng'ombe limehifadhiwa: ukikosa wawili, leta mmoja. Lakini sura hizohizo zina mstari mwingine kuhusu sadaka ambao mafuta yote yale hayakuutosha kwa kila mtu, na Rabi Yohanani aliuachia hapo kwa maneno machache: hii Eliya atakuja kuifafanua.